Uchachu Wenye Saa Yake

Ulaya na Marekani, baadhi ya wapenzi wa bia wamehamia kwenye zile chachu. Ladha ambayo zamani ingefanya pipa zima limwagwe, leo watu wanaifungia safari hadi Brussels, ambako watengenezaji wa lambic huacha bia wazi usiku ili vijidudu vya hewani viingie vyenyewe. Nafurahi kwamba uchachu umepata heshima. Lakini fundi ninayemstahi zaidi yuko karibu: ni mama anayepika busaa, pombe ya nafaka, huko Kibera.

Si kila kona ya Kibera inaipika: Makina ni mtaa wa Wanubi, wa msikiti na soko, na wengi hapo pombe hawaigusi. Busaa utaikuta vijiji vya jirani, na hata Kawangware, kwa akina mama waliotoka na ujuzi huo Magharibi na Nyanza.

Kazi huanza na wimbi. Huloweshwa, likatolewa maji na kufunikwa kwa gunia mpaka lichipue, kisha likaanikwa na kusagwa pamoja na vichipukizi vyake. Hicho ndicho kimea. Kando yake, unga wa mahindi uliosagwa posho mill hukandwa kwa maji kidogo, ukafunikwa siku mbili tatu. Hapo bakteria wa maziwa lala, jamaa wa Lactobacillus, huugeuza kuwa mchachu. Mama hainui kipimo chochote. Hubana donge kiganjani, akalinusa, akaonja chembe.

Kisha unakuja moto, na hapa ndipo panaponivutia zaidi. Unga mchachu humwagwa kwenye bati pana juu ya kuni na kugeuzwa kwa koleo bila kupumzika. Mvuke wenye ukali hupanda hadi macho yakatoa machozi. Madonge hupasuka, yakawa chenga za rangi ya kahawia, na harufu ya mkate hutokea pale palipokuwa na harufu ya siki. Moto huo unafanya kazi tatu kwa pamoja: unawasimamisha bakteria, unauivisha wanga ili kimea kiweze kuugeuza kuwa sukari, na unaipa pombe rangi na ladha yake. Ukizidi, busaa itakuwa chungu. Ukipungua, unga utabaki mbichi na pombe itaendelea kuchacha hadi isinyweke. Anayekaanga huamua kwa sauti ya chenga zikigonga koleo, na sijaona chombo kinachomshinda.

Chenga zikipoa huchanganywa na maji na kimea. Hamira hutoka kwenye kimea na kwenye masalia ya mtungi uliopita. Baada ya siku kadhaa povu huchemka bila moto, kisha pombe huchujwa kwa kitambaa na machicha yakawaendea kuku na nguruwe. Kinachobaki ni kizito, chenye kulewesha kidogo tu, na kinachacha bado hata kikiwa kikombeni. Vijijini Magharibi wazee hukizunguka chungu kimoja na kunyonya kwa mirija mirefu. Mjini hutosha mkebe.

Lambic ina nafasi ya kukosea: inaweza kukaa pipani hadi miaka mitatu, na ya mwaka huu ikachanganywa na ya mwaka juzi hadi ladha ikae sawa. Busaa haina mwaka juzi. Ikiwa jana haikuwa tayari na kesho itakuwa siki, basi ni leo, na mpishi lazima awe ameihesabu leo hiyo tangu alipolowesha wimbi, akizingatia baridi ya Julai ambayo huichelewesha na joto la Februari ambalo huiharakisha.

Kwa miaka mingi busaa iliwekwa kapu moja na chang'aa, pombe kali iliyopigwa marufuku mwaka 1980, na wapishi wakakimbizana na askari. Sheria ya vileo ya 2010 ilifuta marufuku hiyo, ingawa leseni na masharti yake bado ni mzigo kwa anayepikia uani. Nadhani upishi wa busaa ni ufundi unaostahili kufundishwa na kulindwa. Mama anayejua saa ya kuondoa unga motoni anajua kitu ambacho watengenezaji wa bia duniani wanakitafuta kwa gharama kubwa.