Sifa ya Kitanda cha Uyoga

Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, yuko mama anayepima unyevu kwa kiganja. Huchota majani ya mpunga yaliyokatwakatwa na kulowekwa usiku kucha, akayafumbata, akayaminya kwa nguvu zote, kisha akatazama katikati ya vidole. Yakidondosha matone mawili matatu, ameridhika. Yakitiririka, huyarudisha kwenye turubai yazidi kuchuja. Vijana wanaokwenda kujifunza kwake humwuliza ni lita ngapi kwa kilo ngapi; naye huwasogezea gunia waminye wenyewe mpaka mikono ijue.

Mkono ule unastahili kusifiwa, maana sokoni tunasifu miavuli myeupe tu, ilhali kazi yote imo ndani ya vimeng'enywa, yaani majani na mabaki ambayo uyoga hujilisha. Majani yakishachujwa hutiwa pumba kidogo na chokaa, yakajazwa mifukoni na kupangwa juu ya chanja ndani ya pipa lenye maji kidogo chini. Moto huwaka saa nne bila kulegea. Anayeepua saa ya pili kwa kuonea kuni uchungu atavuna ukungu wa kijani. Siku hizi mifuko iliyopikwa nusunusu inauzwa hadharani, na mnunuzi akipata hasara huilaumu mbegu.

Uyoga wa mamama, ndio huo wa mifukoni, hukubali kuchipua ubavuni mwa mfuko, hauombi zaidi. Uyoga wa kifungo ndio wenye adabu zake. Utando mweupe wa uyoga huo ukishaitawala mboji, mkulima huifunika kwa udongo wa unene wa sentimita 4 au 5, na udongo huo hautakiwi kuwa na chakula. Hapo ndipo ninapostaajabu kila nikifikiri. Utando hupanda kutoka kwenye shibe ukaingia penye njaa, ukakuta unyevu, hewa safi na bakteria wanaokula ile harufu yake mwenyewe inayouzuia kuzaa. Ndipo vinapotokeza vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti. Ulaya hufunika kwa udongo mweusi wa mabwawani uliochanganywa na chokaa. Kwetu samadi iliyooza kabisa na udongo wa tifutifu, vikishachomwa kwa mvuke, hufaa, na pwani yapo makumbi ya nazi. Lakini kifungo hutaka baridi ya nyuzi 16 hadi 18 wakati wa kuzaa, na Mwanza yetu, ingawa imeinuka mita zipatazo 1,140, haina baridi hiyo. Huku ziwani mamama ndio wetu.

Tena Usukuma haikusubiri semina. Mvua za kwanza zikinyesha, watoto walitumwa vichuguuni kuchuma uyoga uliooteshwa na mchwa. Mdudu yule hutafuna nyasi na miti mikavu, akaifinyanga kuwa kitanda chini ya ardhi, akakilinda dhidi ya ukungu mgeni kwa uangalifu ambao mabanda yetu mengi hayana. Vichuguu vile sasa vinasawazishwa kwa ajili ya viwanja, au vinafyatuliwa matofali.

Na malighafi tunayo hadi aibu. Hii ni nchi ya pamba, na takataka za vinu vya kuchambulia pamba ni miongoni mwa vimeng'enywa bora kabisa vya mamama. Majani ya mpunga huko Magu na Misungwi yanatiwa kiberiti mara baada ya mavuno. Kisha lipo gugu maji, lililoteremka na mto Kagera na kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Likikatwa na kuanikwa mpaka likauke, linaotesha mamama vizuri, mradi lisivunwe penye maji machafu kama mdomoni mwa mto Mirongo, kwa kuwa hunyonya sumu za metali. Wavuvi hulivuta nchi kavu ili mitumbwi ipite, likaozea hapo hapo, na mvua ikija hulirudisha majini.

Tunawafundisha vijana kuandika mchanganuo wa biashara ya uyoga, wanahitimu na vyeti vyao, na wengi wao hawajawahi kuminya hata konzi moja ya majani. Mfuko wa kwanza ukiingia ukungu wanafunga banda. Wazee wa kuwashika mkono wanazidi kupungua, na hakuna aliyeandika wanachokijua.