Sime na Heshima ya Mhunzi

Sime ni silaha fupi ya chuma yenye makali pande mbili, ambayo Wamaasai huiita olalem. Ni tofauti na jambia la pwani, ambalo limepinda na huvaliwa zaidi kwa fahari. Sime imenyooka, nayo hukata matawi ya boma, hugawanya nyama, na zamani ilimlinda morani, yaani kijana wa rika la askari.

Uzuri wake umo katika mpango wa uzito. Bapa lake huanza jembamba karibu na mpini uliovikwa ngozi, likapanuka kadiri linavyoelekea mbele, kisha likachongoka kwenye ncha, hivyo uzito hukusanyika mahali pigo linapotua. Na tuta linalopita katikati ya bapa huupa wembamba huo nguvu ya kutopinda. Ala yake, yaani kifuko cha kuihifadhia, ni ya mbao iliyofunikwa ngozi, ambayo mara nyingi hutiwa rangi nyekundu.

Mpango huo ni elimu ya ilkunono, ukoo wa wahunzi, waliouvuvia moto kwa mivukuto ya ngozi, wakasoma joto kwa rangi ya chuma, na kukifua kabla hakijapoa. Hata hivyo jamii iliyowategemea iliwatenga: wengine hawakuoa kwao, na ofisa wa kikoloni wa Kiingereza A. C. Hollis aliandika mwaka 1905 kwamba mtu alijipaka mafuta mkononi kabla ya kushika chombo kilichotoka kwa mhunzi.

Leo springi kuukuu za magari hugeuzwa kuwa sime, na maduka ya Arusha huziuza kwa wageni kama kumbukumbu ya ushujaa wa morani. Sifa hiyo ni ya kweli lakini ni pungufu, kwa maana ushujaa ulitanguliwa na maarifa, na yeyote anayeieleza sime, darasani au katika makumbusho, anawiwa kulitaja jina la ilkunono pamoja na la askari.