Ufundi wa Kubisha Hodi

Sista alibisha hodi mara tatu, akanyamaza. Mlango ulikuwa wazi, umezibwa kwa pazia tu, na ndani tulimsikia mtoto akikohoa. Hakuligusa pazia. Alisimama kando, bega likigusa mabati, macho yake chini kwenye mtaro wa maji machafu unaopita katikati ya ploti. Mama wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo tuliyefuatana naye akasimama nyuma yake vivyo hivyo. Tukangoja. Kiti kilivutwa, sufuria ikafunikwa, mtoto akafutwa kamasi huku akilalamika. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Karibuni, ingieni tu." Hapo sista akavua viatu vyake vilivyojaa matope ya Kawangware, hapa Nairobi, akainamia pazia, akaingia.

Mimi ningekuwa nimeingia zamani. Mlango uko wazi, watu wamo, hodi imesikika. Nangoja nini tena? Lakini katika dakika ile moja au mbili mama yule alipata kuifunga leso yake vizuri, kulikunja blanketi lililokuwa kitini, na kuamua ni kipi cha nyumba yake tutakachokiona na kipi hatutakiona. Tulimkuta mwenye nyumba amesimama, ametunyooshea mkono. Tungeingia mapema tungemkuta mtu aliyefumaniwa na umaskini wake. Nikatambua kwamba niliyekuwa nimefuatana naye ni fundi, na kwamba kazi yake, ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi, ina vipimo vyake, na asiyevijua huweza kuharibu kwa nusu dakika kilichojengwa kwa mwaka.

Sista ni msichana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu. Amekuja Kenya kwa utume wa shirika lake, kama walivyokuja zamani Waairishi na Waitaliano. Siku yake haina maajabu. Huamka kabla ya jua kusali, hupiga deki, huchota maji mfereji ukikauka, kisha hupanda matatu ya 46 kwenda mjini darasani. Alasiri hurudi kwa matatu hiyo hiyo, akashuka kwenye kituo kinachoitwa Congo, jina lililomfurahisha sana siku ya kwanza, na kutoka hapo huenda kwa miguu. Nyumba tatu kwa siku. Ya nne haingii. "Ya nne nafika nimechoka," aliniambia, "na mtu aliyechoka hasikii." Kiswahili chake ni cha kwao. Watoto wa ploti humwigiza anaposema "aksanti", naye huwaacha waigize, maana anayemcheka leo ndiye atakayemshika mkono kesho kumwonyesha njia.

Chumba kilikuwa cha futi kumi kwa kumi. Kitanda nyuma ya shuka iliyotundikwa, jiko la makaa, jerikeni mbili za maji, na sofa ya watu wawili iliyotandikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Msomaji anavijua vitambaa hivyo. Pengine ndivyo vitu vyeupe kuliko vyote katika ploti nzima; huondolewa mtoto akikaribia, hurudishwa mgeni akibisha. Sista aliniambia kwamba wiki zake za kwanza alikosea hapo. Akionyeshwa sofa alikuwa akikataa, anaketi juu ya jerikeni iliyolazwa, akidhani kwamba ndivyo anavyojishusha awe sawa na wenyeji. Shosho mmoja alimvumilia mara mbili. Mara ya tatu akamwambia, "Mwanangu, hivyo vitambaa nimevifua kwa ajili yako. Sasa ukikaa huko chini, nilivifulia nani?" Tangu siku hiyo hukaa anapoonyeshwa, tena katikati, wala si pembeni kama mtu anayetaka kukimbia.

Kisha ikaja chai. Mama alimnong'oneza binti yake, binti akatoka na kikombe kitupu, na baada ya muda akarudi amekifunika kwa kiganja. Ilikuwa sukari ya jirani. Sote tulimwona, na hakuna aliyemwona. Chai ilikuwa strungi yenye tangawizi nyingi. Sista alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa polepole hadi mwisho, akasifu tangawizi. Mimi katika maisha yangu nimesema mara nyingi, "Usisumbuke mama, tumekunywa tulikotoka," nikijiona mwenye huruma. Sasa najua nilikuwa namnyang'anya mtu kitu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami siku zote nilidhani mwenyeji hupona kwa alichokibeba mgeni. Chumbani mle nilimwona mwenyeji akipona kwa alichokitoa mwenyewe.

Na huku anakunywa, sista alikuwa anasoma. Jiko lilikuwa na majivu baridi, maana ile chai ilichemshwa kwa jirani. Sare ya shule ilikuwa imetundikwa msumarini, na siku ilikuwa Jumanne. Hakuuliza kama wamekula. Hakuuliza kwa nini binti yuko nyumbani. Aliuliza wameshindaje, akaulizia mvua, akaulizia jamaa wa kule Kakamega. Mengine yalitoka yenyewe, katikati ya habari za mvua: mama huamka alfajiri akaenda kukaa kando ya barabara Lavington pamoja na wanawake wengine, wakingoja kuitwa kufua nguo, na wiki hiyo hakuna gari lililosimama. Sista hakuguna, hakutikisa kichwa. Alisikiliza mpaka maneno yakaisha, akaacha kimya kipite, ndipo akasali sala fupi. Tukaaga. Hatukuacha hata kiberiti.

Njiani yeye na mama wa jumuiya walisemezana kidogo sana. Kesho yake unga na mboga vilifika kwa mkono wa jirani, na mtu akaenda shuleni kuzungumza na mwalimu mkuu. Nilipomuuliza sista kwa nini hatukubeba chochote, alinijibu, "Siku ya kutembelea si siku ya kuleta. Ukija na mfuko, watautazama mfuko."

Maneno hayo yalinirudisha Riruta, utotoni. Mwaka ambao baba alikosa kazi, sista mmoja mzee wa Kizungu alikuwa akija kwetu kila Jumatano. Alikuja mikono mitupu, akakaa, akanywa chai yetu, akacheka na mama, akaondoka. Mimi nilimchukia. Nilimwona bahili, mtu wa Ulaya anayekula cha maskini na kujifuta mdomo. Jumamosi, mara kwa mara, mwenyekiti wa jumuiya alipita na pakiti ya unga akisema, "Hii imebaki kwetu, msiiache iharibike." Mama alikuwa akiipokea kama jirani anavyopokea kwa jirani, na wiki nyingine alimpelekea mwenyekiti sukuma wiki kutoka kwenye kijishamba chetu kando ya mto. Miaka mingi baadaye, tukiwa kwenye matanga ya mama, mwenyekiti yule aliyekuwa amekwisha kuwa kikongwe ndipo aliponiambia unga ule ulikuwa unatoka wapi. Nadhani mama alijua. Lakini hakuna aliyemlazimisha kujua, na alikwenda kaburini hadaiwi shukrani na mtu.

Ufundi huu una ukoo, na ukoo wenyewe umelala karibu na hapa. Mwaka 1936 alishuka Mombasa msichana wa Kiairishi aitwaye Edel Quinn, umri wake miaka 29, ametumwa na Lejio ya Maria, chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921. Mapafu yake yalikuwa yameshaguswa na kifua kikuu; alikuwa amekaa sanatoria kama mwaka mmoja na nusu, na kabla ya kuugua alishughulikia wanawake wa mitaani mjini Dublin. Aliifanya Nairobi makao yake, akasafiri Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na hata Mauritius, akiwafundisha watu wa kawaida jambo ambalo sista wa Bukavu analifanya leo: kwenda wawili wawili hadi nyumbani kwa watu, wiki baada ya wiki, kusikiliza, kisha kutoa taarifa kikaoni, na la kikaoni lisitoke nje. Kanuni ya Lejio inamkataza mwanachama kugawa msaada wa vitu katika kazi hiyo. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona ni kanuni kavu. Ilinibidi nikumbuke Jumatano za Riruta ndipo niielewe.

Edel Quinn alifariki hapa Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na miaka 36. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alizitambua rasmi fadhila zake za kishujaa. Kaburi lake liko Msongari, kwenye makaburi ya wamisionari ya Mtakatifu Austin, mahali ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1899 na kupanda kahawa. Kahawa imekwisha. Mahali pake pameota Lavington, yenye kuta na nyaya za umeme juu ya kuta, na kutoka kaburini kwake hadi kituo cha Congo ni mwendo wa miguu.

Nasikitika kusema kwamba ufundi wenyewe unatutoka. Siku hizi wema una haraka. Mwezi huo huo, katika ploti ya pili kutoka pale, nilikuta kundi la vijana waliovaa fulana za rangi moja. Mmoja alikuwa na simu mkononi akisoma maswali ya fomu: mnakula mara ngapi kwa siku, mnatumia choo cha nani, mume yuko wapi. Mama alijibu yote akiwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, kama mtu aliyeitwa ofisini. Mwisho akapewa pakiti ya unga na mafuta ya kupikia, akaambiwa avishike hivi, vionekane, atabasamu kidogo. Pazia la mlango lilikuwa limevutwa pembeni na kufungwa kwa kamba ili mwanga uingie kwenye picha. Kitanda kilionekana. Nguo za ndani zilizoanikwa zilionekana. Siutukani unga ule, maana watoto waliula usiku huo. Ninachokililia ni lile pazia. Hakuna aliyekumbuka kulifungua walipoondoka, na mama alibaki ameshika vile vitu mkononi, hajui aviweke wapi.

Na sisi wengine hatujambo? Neno hodi lenyewe linatutoka kinywani. Lavington mgeni hupiga honi getini, askari akaja na kitabu. Kwenye majumba ya ghorofa ya Kileleshwa tunatuma ujumbe: niko chini, fungua. Jirani wa mlango wa pili tunalijua gari lake, jina lake hatulijui. Akifiwa tunatuma pesa kwa simu, tukaona tumekwisha kumlilia. Wazazi wetu wangetuma pesa hizo hizo, halafu wangevaa koti wakaenda kukaa kwenye kiti cha mfiwa usiku kucha bila la kusema. Kukaa ndiko kulikokuwa rambirambi.

Papa Fransisko alipofika Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, alizungumzia hekima inayopatikana katika mitaa ya watu maskini, na pia dhuluma wanayotendewa wakazi wake katika ardhi na maji. Watu walipiga vigelegele, na kwa haki. Ila hekima hiyo haiwezi kuonekana dirishani mwa gari. Iko katika sukari iliyofunikwa kwa kiganja, na anayetaka kuiona sharti kwanza akaribishwe.

Sista atahamishwa mwisho wa mwaka. Mashirika ndivyo yalivyo, huwapeleka watu kwingine mara tu wanapozijua njia. Mama yule tuliyemngoja nje ya pazia ameshasikia. Wiki iliyopita aliniuliza nani atakuja badala yake. Nilisema ataletwa mwingine. Akaniambia, "Kuletwa ataletwa. Lakini atajua kungoja?"

Nami nakuuliza wewe unayesoma, hasa kama unakaa upande huu wa Lavington. Yule anayekufulia nguo ana mlango. Muulize siku gani inamfaa, uende, na siku hiyo usibebe kitu. Ukifika kwenye pazia, bisha mara tatu, usimame kando, ungoje.