Uvimbe, Safura na Wanja: Maneno Matatu ya Tiba ya Macho

Karatasi ya maelezo ya dawa ya macho ya Kihindi, iliyofasiriwa kwa ajili ya wasomaji wa Bagamoyo na pwani ielekeayo Saadani, imetufikia tuipime lugha yake. Bagamoyo haikuanza jana kuzoeana na duka la Mhindi. Sewa Haji Paroo alifanya biashara yake huko katika karne ya 19. Sentensi za karatasi hiyo ni laini, na ulaini huo ndio unaotutia hofu, kwani maneno matatu yanayoibeba tafsiri hayasemi yaliyomo katika tiba ya Ayurveda.

La kwanza ni "uvimbe wa macho", lililowekwa mahali pa *abhishyanda*. Neno hilo la Kisanskriti lina maana ya kutiririka. Sushruta Samhita, kitabu cha kale kinachotaja maradhi 76 ya macho, hulihesabu kuwa chimbuko la karibu yote, na hulitenga katika aina nne. Ya upepo huchoma kama sindano, na machozi yake ni baridi. Ya nyongo huunguza, na machozi ni ya moto. Ya balghamu huleta uzito, mwasho, uvimbe na tongo zinazonata. Ya damu hujulikana kwa wekundu. Kumbe uvimbe ni dalili ya aina moja, nao umepewa jina la zote! Hata "macho mekundu", jina lililoenea Dar es Salaam katika mlipuko wa Januari 2024, lisingefaa, maana lilitaja ugonjwa wa virusi. Twapendekeza "mchuruziko wa macho", jina lisilojidai kuwa limepita kwenye hadubini.

Kosa kubwa zaidi ni "safura". Mfasiri amelitoa katika tiba ya Kiyunani iliyofika pwani kwa vitabu vya Kiarabu, yenye damu, balghamu, safura na sauda. Mzee aliyesoma vitabu hivyo atamwelewa. Lakini bwana afya akikuta "macho yenye safura" atafikiri minyoo inayofyonza damu tumboni, ambayo ndiyo maana iliyozoeleka leo, na huenda akaandika dawa ya minyoo. Nyongo ipo, na kila mtu anaifahamu. Tena, kwa kutaka nne zilingane na nne, mfasiri ametia "sauda" mahali pa *vata*, ilhali *vata* ni upepo, na Wayunani hawakuuhesabu upepo katika nne zao. Hesabu imemhadaa.

Limebaki "wanja", badala ya *anjana*. Sauti zakaribiana, na vitu vyenyewe vina udugu. Lakini kwa msomaji wa pwani wanja ni pambo la kila siku, hata la mtoto mchanga. *Anjana* ni kundi zima la dawa za kupaka jichoni, na mafundisho yenyewe huikataza siku za mwanzo, ugonjwa ukiwa haujaiva. Karatasi imeandika "apakwe wanja", basi, pasipo kutaja wakati. Mama atakayeisoma atampaka mwanawe siku ile ile macho yaanzapo kuuma, tena kwa wanja wa dukani, ambao mwingine una madini ya risasi. Tungeandika "dawa ya kupaka jichoni", maneno manne kwa moja, na siku yake itajwe.

Karatasi tumeirudisha kwa mwenyewe pamoja na masahihisho hayo. La wanja tumelipigia mstari mwekundu mara mbili.