Mlima Unaoidanganya Timazi

Fundi muashi akiushuku ukuta, habishani na mtu. Hufunga kipande cha chuma kwenye uzi, akakiachia kining'inie, akasubiri. Uzi ukitulia, ukuta umeshahukumiwa. Nimeiona timazi ikimaliza ugomvi wa mwenye nyumba, fundi na majirani waliokuja kutazama tu, na sijawahi kumsikia hata mmoja wao akiuliza: na timazi yenyewe, nani kaihakikisha?

Swali hilo Pierre Bouguer alilipeleka mlimani Chimborazo, katika nchi tunayoiita leo Ecuador, mwaka 1738. Mfaransa huyo alikwenda huko na wenzake kupima umbo la dunia, na kichwani alikuwa na somo la Newton: kila kitu huvuta kila kitu. Basi mlima mkubwa nao utaivuta timazi iliyo ubavuni mwake, na uzi utainama kuelekea mlimani. Alipima kwa kulinganisha uzi na nyota, kwenye baridi na upepo wa huko juu. Uzi uliinama kweli, ila kiduchu: sekunde 8 hivi za pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600. Hesabu yake ilidai zaidi ya dakika moja na nusu. Ule mlima wote ulivuta kama gunia ulilodhani la mchele, kumbe limejaa pamba.

Zaidi ya karne moja baadaye, kisa kikajirudia India. Wapimaji wa serikali ya Waingereza walikuwa wamepima umbali kati ya Kaliana, karibu na Himalaya, na Kalianpur, kusini yake, kwa njia mbili: kwa pembetatu zilizoungana ardhini, na kwa nyota, ambako darubini husawazishwa kwa timazi. Njia hizo zilitofautiana kwa sekunde 5 na kitu. Ni mita 160 hivi katika safari ya kilomita 600. George Everest, ambaye jina lake limebaki kwenye mlima, aliona ni makosa ya upimaji yaliyojikusanya njiani. Wengi wetu tungekubaliana naye tukaenda kulala.

John Pratt hakulala. Alikuwa kasisi wa Kianglikana mjini Calcutta, mpenzi wa hisabati, na mwaka 1855 alitoa hesabu ya nguvu ambayo Himalaya ingepaswa kuwa nayo juu ya timazi. Jibu lilikuwa karibu sekunde 16. Aliutafuta mlima ulipe deni la sekunde 5, ukajitokeza na malipo mara tatu! Mwaka huohuo George Airy, mwanafalaki mkuu wa Uingereza, akajibu kwa kurasa chache tu. Mlima, alisema, haukukaa juu ya ganda la dunia kama tofali juu ya meza. Unaelea. Tazama magogo majini: lililojitokeza juu zaidi ndilo lililozama zaidi. Chini ya Himalaya pana mzizi wa miamba myepesi, umeingia mahali ambapo pangekuwa na miamba mizito, na wepesi huo wa chini ndio unaopunguza mvuto wa kilichoko juu.

Hapo ndipo ninapoivulia kofia kazi hii ya jiofizikia. Wengine husifu vyombo vyake. Mimi nasifu tabia ya kulikalia pungufu dogo, kulikataza lisifutwe kwa neno “makosa”, mpaka liseme limetoka wapi. Hakuna aliyeuona mzizi ule, wala hatauona. Shimo lenye kina kirefu kuliko yote, walilochimba Warusi rasi ya Kola, liliishia mita 12,262, na ganda la dunia chini ya Tibet lina unene wa kilomita 70 hivi.

Asiyeweza kupasua hugonga. Muuza madafu hugonga tunda kwa mgongo wa panga, akatega sikio, akakwambia hili bado kitale, hili dafu, hili limeshakuwa koroma. Andrija Mohorovičić hakuhitaji hata kugonga, dunia ilimgongea. Tarehe 8 Oktoba 1909 tetemeko lilipiga bonde la Kupa, kusini mwa Zagreb, naye akakusanya karatasi za vipima tetemeko kutoka vituo mbalimbali vya Ulaya. Akaona kwamba kwa mbali wimbi moja lilifika mara mbili. Moja lilipita njia ya mkato gandani; jingine lilizunguka kwa chini, kwenye miamba inayopitisha mawimbi kwa kasi zaidi, likatangulia kufika. Mpaka kati ya ganda na koti la dunia ulipatikana hivyo, kwa mtu aliyekaa na saa na karatasi.

Tibet waligonga wenyewe. Kuanzia 1992 Wachina, Wamarekani na wenzao, katika mradi ulioitwa INDEPTH, walitoboa visima, wakafukia baruti, wakatandika jiofoni, masikio ya kusikilizia ardhi, kwa mstari mrefu, wakalipua. Kisha kusubiri. Mwangwi kutoka chini kabisa ya ganda huchukua sekunde zaidi ya 20 kwenda na kurudi, na muda wote huo jiofoni haichagui: upepo, lori la mbali, kwato za mnyama, vyote huandikwa pamoja na sauti ya vilindi. Dawa ni kugonga mara nyingi na kurundika kumbukumbu moja juu ya nyingine. Kelele hugombana zenyewe kwa zenyewe zikafifia. Mwangwi wa kweli hukubaliana na mwenzake ukapanda.

Uliopanda ulionyesha ufa mkubwa ambako bamba la India linaingia chini ya Himalaya. Zaidi kaskazini, kilomita 15 hadi 18 tu chini ya ardhi, yakatokea madoa yaliyong'aa mno. Mwamba mkavu haung'ai hivyo. Ni maji ya chumvi au mwamba ulioyeyuka? Sauti peke yake haikutosha, wakaongeza kipimo cha umeme wa asili unaozungushwa ardhini na jua na radi. Kikasema hapo umeme unapita kwa urahisi. Lakini maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, na ubishi ukaendelea. Naupenda ubishi huo kuliko zile picha za rangi nyekundu na buluu zinazotolewa baadaye, ambazo msomaji huzidhani ni picha za kamera. Ni hukumu za watu, zimepakwa rangi.

Na kwetu? Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, si volkano. Ni pande la mwamba mkongwe lililoinuka hadi mita 5,109 katikati ya bonde la ufa. Kwa hesabu ya Airy, lingepaswa kuwa na mzizi wa haja. Kati ya 2006 na 2007 watafiti wa Ujerumani na Uganda walitega vipima tetemeko kuuzunguka mlima, wakaacha matetemeko ya mbali yafanye kazi ya baruti. Wimbi la haraka likitoka chini na kuvuka mpaka wa koti na ganda, sehemu yake hugeuka wimbi la polepole. Mawimbi hayo mawili hufika juu yakiwa yameachana kwa sekunde chache, na pengo hilo ndilo kipimo cha unene.

Mzizi haukuonekana. Ganda la pale ni jembamba, kilomita 30 au pungufu, kama inavyotarajiwa bondeni panapochanika, si chini ya mlima wa theluji. Wapo wanaosema kipande kizito cha chini kilibanduka kikazama, na kilichobaki, kikiwa kimekatwa na nyufa pande zote mbili, kikaibuka kama boya lililokatiwa nanga. Pungufu jipya limepatikana, tena safari hii ni la Airy mwenyewe.