Mafuta ya Mshipani na Neno "Pembeni"

Yako maneno mawili katika ufasiri wa tiba ambayo yastahili kupimwa upya: "myeyusho wa mafuta" na "madhara ya pembeni". Yote mawili huhusu lishe ya mshipani, yaani chakula apewacho kwa dripu mgonjwa ambaye matumbo yake hayafanyi kazi.

Neno la kwanza si kweli. Mafuta hayayeyuki katika maji. Arvid Wretlind wa Sweden, alipotengeneza Intralipid mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliyagawa mafuta ya soya yawe matone madogo mno, akayazuia yasiungane kwa lesitini ya kiini cha yai. Kitu cha namna hiyo Waswahili wa pwani wakijua jikoni: ni tui. Tena lugha yetu inacho kitenzi cha kueleza kuharibika kwake: tui hukatika. Dawa hii nayo ikikatika, matone huungana, na yale makubwa huweza kuziba vijishipa vya mapafu. Asemaye "myeyusho" ameificha hatari hiyo.

Neno la pili lapotosha zaidi. Pembeni huwekwa kitu kisicho na uzito. Lakini mafuta yakiingia damuni kwa kasi kuliko mwili uwezavyo kuyatumia, homa hupanda, manjano hutokea, ini na bandama huvimba, chembe za kugandisha damu hupungua. Mafuta ya mbegu za pamba, yaliyotangulia kutumiwa Marekani, yaliachwa katika miaka ya 1960 kwa mambo ya jinsi hii. Watoto wachanga walishwao hivyo kwa majuma mengi huweza kuharibika ini, na mafuta ya soya yana sehemu yake katika hilo. Ndipo mwaka 2018 Marekani ikaruhusu Omegaven, ya mafuta ya samaki, kwa watoto waliokwisha kupatwa. Hayo yote hutokana na kazi ile ile ya dawa.

Yaweza kujibiwa kwamba neno laini humtuliza mzazi. Lakini mzazi aliyetulizwa huenda asimwite muuguzi aonapo macho ya mtoto yamegeuka manjano. "Athari" nalo halitoshi, maana athari huwa njema au mbaya. Basi na yaandikwe "madhara" pasipo pembeni, na "tui la mafuta ya soya" badala ya myeyusho. Aonaye kwamba tui ni neno la jikoni mno kwa hospitali, na akumbuke kwamba soya na yai vilitoka huko huko.