Munara na moshi: nini inasema nguvu ya inchi?



Katika mukutano mumoja wa shirika letu, kijana alisimama na kusema neno ambalo lilituchoma. Alisema hivi: "Bakubwa, munatufundisha desturi, lakini munatuonyesha paka nyumba za majani. Inchi ya nguvu inaonekana ku majengo. Muangalie Dubai, muangalie Uchina. Bankambo betu balijenga nini?" Salle ilinyamaza. Mzee mumoja alicheka kidogo na kumujibu: "Mutoto yangu, nyumba haiseme nguvu ya mwenyewe. Moshi ya ku mafiga njo inasema." Watu walipiga makofi, mukutano ukaisha.

Lakini sisi tunaoandika kurasa hizi tulirudi nyumbani bila amani. Makofi si jibu. Kijana aliuliza ulizo la kweli, na sisi wakubwa tulilifunika na mezali nzuri. Basi tulikamata ulizo lile tena, polepole, na tulilipima kwa majengo tunayoyajua. Kwanza munara wa Limete kule Kinshasa, kisha miji ya wafalme wa zamani, kisha kitu ambacho kila mutoto wa Lubumbashi anakiona akifungua mulango: ile sheminé ya Gécamines.

Munara wa Limete

Kila mutu anayefika Kinshasa kwa ndege ya Ndjili anaupita. Uko kando ya boulevard Lumumba, nguzo za beton zilizosimama pamoja mpaka metre 210. Ulianzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyeuagiza ni Mobutu, aliyeuchora ni Olivier-Clément Cacoub, arshitekti aliyezaliwa Tunisia na ambaye alifanya kazi pia kwa Bourguiba na kwa Houphouët-Boigny. Kwa hiyo tusidanganyane: mutu mumoja alikuwa akichora fahari ya maraisi wengi, na kila raisi aliamini kama fahari ile ilikuwa ya inchi yake peke yake.

Kama kazi ya mukono, munara ni muzuri. Tunasema hivyo bila haya. Hauigi kanisa la Ulaya, hauna nguzo za Wagiriki, haukuvaa mapambo ya uongo ya "Kiafrika". Unapanda tu, na jicho linapanda nao. Mutu aliyesimama chini yake anasikia kama inchi iliyopata uhuru mwaka 1960 ilitaka kusimama wima. Ile hamu haikuwa mbaya. Watu waliokatazwa kutembea mu mitaa ya Wazungu usiku walikuwa na haki ya kutaka kitu kirefu kilicho chao.

Makosa yako fasi ingine. Munara ulisemwa kuwa wa kumuheshimu Patrice Lumumba, ambaye Mobutu alimutangaza shujaa wa taifa mwaka 1966, miaka mitano tu kisha kifo chake. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 hapa hapa kwetu Katanga, na mwili wake uliyeyushwa mu asidi ili asipate kaburi. Mutu asiye na kaburi akapewa munara, na aliyempa ni mumoja kati ya wale waliomuangusha. Je, ile ilikuwa heshima ao ilikuwa kifuniko? Katika desturi zetu, mutu hawezi kujenga nyumba ya marehemu mbele ya kumaliza maneno ya kifo chake. Wanaita jamaa, wanakaa, wanasema, wanalipa kinachopashwa kulipwa. Pale Limete walianza na beton.

Halafu ikaja njaa ya pesa. Bei ya shaba iliyokuwa juu mwanzoni mwa 1974 ilianguka mwaka ule ule, na shaba ya kwetu ndiyo ilikuwa mufuko wa Serikali. Kazi ya munara ilisimama bila kuisha. Miaka na miaka ilikaa vile, ndefu na tupu, na watu wa Kinshasa wakauzoea kama mutu anavyozoea jino lililotoboka. Jengo lililopashwa kusema "tunapanda" likaanza kusema "tulishindwa kumaliza", na lilisema vile kwa sauti ya metre 210. Hapo ndipo hatari ya jengo kubwa: likishindwa, haliwezi kujificha.

Mwaka 2002 sanamu ya Lumumba ilisimamishwa pale. Na tarehe 30 Juni 2022, jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake na ambacho Ubelgiji ilirudisha siku chache mbele, liliwekwa mu mausolee chini ya munara. Siku ile, kwa mara ya kwanza, munara ulipata maana. Angalieni vizuri: miaka 50 ya beton haikuupatia maana, jino moja liliupatia. Lakini mu Novemba 2024 watu walivunja mulango wa mausolee na kuharibu sanduku. Wakubwa wa Serikali walisema jino liko salama. Tunashukuru. Lakini inchi inayojenga metre 210 na inashindwa kulinda mulango mumoja, inatuambia kitu.

Miji iliyohama

Sasa turudi kwa ulizo la kijana: bankambo balijenga nini?

Walijenga miji. Mufalme wa Lunda, Mwant Yav, alikuwa na muji mukubwa ulioitwa musumba. Haukupangwa ovyo. Wageni walioufikia mu karne ya 19 waliandika kama ulifuata umbo la kobe: kichwa fasi yake, miguu fasi yake, mukia fasi yake, na kila mukubwa wa makao alijua kiungo gani ni chake. Ni plan, kama vile arshitekti anavyosema leo. Kule kwa Wakuba, mu Kasai, kuta za makao ya mufalme zilikuwa mikeka iliyosukwa na kufungwa kwa michoro, michoro ile ile iliyo juu ya nguo zao za raffia ambazo musée za Ulaya zinazionyesha kwa fahari.

Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu tulilisahau. Mufalme mupya alipokaa, alijenga muji mupya. Ilikuwa hivyo kwa Walunda, ilikuwa hivyo kwa Wakuba. Muji wa zamani uliachwa urudie pori. Kijana atasema: munaona, hawakujua kujenga kitu cha kudumu! Sisi tunaona kingine. Muji wa majani ulikuwa mutihani. Mufalme ambaye watu hawamukubali, nani angemukatia miti? Nani angemusukia mikeka? Muji ulisimama kama watu walikuja, na kila mwaka majani yalilomba kubadilishwa, maana yake kila mwaka watu walipashwa kukubali tena. Nguvu haikuwa mu ukuta. Ilikuwa mu mikono iliyorudi kuutengeneza.

Tusipambe mambo ya zamani kupita kiasi. Bunkeya ya Msiri ulikuwa muji mukubwa sana mbele ya Wabelgiji kumuua tarehe 20 Desemba 1891, lakini biashara yake ilikuwa shaba, pembe, na pia watumwa. Mikono mingine ilirudi kwa kupenda, mingine ilirudi kwa kamba. Pale ambapo watu walikaa kwa woga, muji ulitawanyika mara moja mwenyewe alipokufa. Hata ile ni fundisho.

Moshi wa Lubumbashi

Hapa kwetu, sheminé ya usini ina metre 153. Hakuna aliyeijenga kama alama. Union Minière iliitaka kwa kutoa moshi wa shaba, basi. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa mwaka 1911. Na haina historia safi. Vijana waliletwa kutoka mbali, wengine kwa nguvu, wengi walikufa kwa magonjwa miaka ya mwanzo. Mu Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma wakilomba mushahara walipigwa risasi na askari.

Sasa juu ya nini hii sheminé ya Wazungu ya kampuni, na si jengo lingine, iliingia mu moyo ya watu? Wapainteri wa muji waliichora mara mingi, sheminé na ile kilima nyeusi ya mabaki kando yake, na picha zile zilipachikwa mu masalon ya wafanyakazi. Hakuna Serikali iliyowaagiza. Waliichora kwa sababu walikula kwake na walizika watu wao kwa sababu yake. Moshi ulipotoka, mama alijua kuna posho, mutoto alijua kuna masomo. Mwaka 1967 kampuni ilikuwa ya inchi, na katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 470,000 kwa mwaka. Mwaka 1994 zilibaki kama 30,000 tu. Moshi ulikatika, na sheminé ilibaki kusimama na urefu wake ule ule. Metre 153 hazikupunguka hata moja. Lakini nani katika muji alisema siku zile kama iko alama ya nguvu?

Hapo tunamupa mzee wetu haki yake: moshi ndio unasema. Lakini tunamupa na kijana haki yake: bila sheminé, moshi hautoki.

Maulizo matatu

Kutoka mu majengo haya tunatoa maulizo matatu ambayo kila mutu anaweza kuuliza mbele ya jengo kubwa.

La kwanza: nani anaingia? Gbadolite ilikuwa na makao ya marumaru, na uwanja wa ndege unaoweza kupokea Concorde. Wakaaji wa kandokando waliyaona kutoka inje. Mwaka 1997, Mobutu alipokimbia, makao yale yaliporwa. Mutu haharibu nyumba aliyokuwa anaingia kama mwenyewe.

La pili: nani anatengeneza ikiharibika? Etaji nyingi zinalomba asansere, kioo kisichofunguka kinalomba clim, na zote zinalomba umeme, maji, na fundi aliyesoma. Kujenga ni mwaka mbili ao tatu. Kutengeneza ni siku zote. Majani ya musumba yalituwekea shuku ile wazi. Beton inaificha, lakini haiiondoi.

La tatu: nini kilitangulia? Kijana alitaja Dubai. Ni vizuri, tuiangalie. Burj Khalifa, metre 828, ilifunguliwa mwaka 2010. Lakini bandari ya Jebel Ali ilifunguliwa mwaka 1979, miaka 31 mbele. Meli zilitangulia, munara ukafuata. Hata pale, wengi waliobeba mizigo ya ujenzi walitoka India, Pakistan na Bangladesh, na ulizo la kwanza linawahusu: nani anaingia? Lakini juu ya mupangilio, Dubai haikukosea: munara ulitangaza nguvu iliyokuwa tayari. Sisi mara mingi tulifanya kinyume, tulitangaza mbele, tukingojea nguvu itakuja kutafuta tangazo lake.

Mwisho wa mwaka 2023, sentre mupya ya mambo ya pesa ilifunguliwa Kinshasa, Gombe, kazi ya kampuni ya Waturuki, na minara yake inaangaza. Hatutaisema vibaya kwa sababu ni mupya, wala hatutaisifu kwa sababu inaangaza. Tuipime kwa maulizo matatu, na tuipe miaka 20.

Na sisi wenyewe?

Haingekuwa haki kuhukumu wafalme na maraisi, halafu kujiacha sisi. Shirika letu liliweka jiwe la kwanza la nyumba ya utamaduni. Tulivaa vizuri, tulipiga picha, wakubwa walisema maneno marefu. Jiwe liko. Majani yameota kandokando. Na salle tunayokutania leo, ambayo tuko nayo tayari, bati lake linavuja mu musimu wa mvua, na hatujalinunulia hata misumari.

Yule kijana alikuwa amekaa chini ya bati lile siku alipotuuliza. Labda ndiyo sababu aliuliza.

Basi jibu letu kwake ni hili. Bankambo balijenga, na balijenga vizuri, lakini hawakuweka nguvu yao mu ukuta. Waliiweka mu watu waliorudi kila mwaka na majani mapya. Wewe unataka munara, na haukose. Tutautaka pamoja nawe. Lakini tuanze na bati. Shirika likiweza kutengeneza bati moja kila mwaka bila kuitwa, siku ile litakuwa na nguvu ya kumaliza nyumba, na inchi ni hivyo hivyo. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tutapanda juu ya salle. Mwenye nyundo, aje nayo.